Majibu ya Bi Time

Mchana wa kijijini Wingwi una uzito wake, hasa karafuu zikiwa juani. Harufu hupanda, macho hulegea, mtu akawa macho huku anaota. Ndivyo Bi Time alivyoishi na mwanawe tangu Suhail aende Maskati kupika mkahawani. Huiweka mkekani simu aliyoletewa naye, akabonyeza, sauti ikatoka: "Asalaam alaykum, mama." Naye huitikia, maana salamu kuianza ni suna, kuijibu ni wajibu. Humpa habari za mvua na za mbuzi aliyezaa, akacheka naye. Pengine humhisi mtoto kakaa pale pale, kakunja miguu.

Lakini tangu mwezi wa Mfungo Mosi uandame, Suhail alinyamaza. Sauti yake ya mwisho ilikuwa fupi: "Mama, kama una hasira na mimi, niambie tu." Hasira gani? Bi Time alilala na swali hilo, akaamka nalo.

Mwanawema, shoga yake tangu chuo cha Kurani, alipokuja kumsaidia kuchambua karafuu alimkuta analia, wala hafichi.

"Mwanangu kanikata, shoga. Na kila salamu yake nshamjibu!"

"Wamjibuje?"

Bi Time akabonyeza sauti ya zamani. Ikasalimu, naye akaitikia kwa adabu zote, kakiinamia kioo.

Mwanawema akaweka ungo chini. "Hapo humjibu, yakhe. Hapo wazungumza na karafuu."

Akamwonyesha kijipicha cha kipaza sauti pembeni: ukikandamize, usikiachie mpaka umalize. Mwenyewe alijifunza kwa aibu, siku kidole chake kilipojisahau hapo na mkemwenza akapelekewa umbea wake mzima mzima.

"Na yeye kule aona kama umesikiliza. Vialama vyageuka buluu."

Kumbe muda wote ule mtoto alikuwa akitoa salamu, akiona mama kaisikia, na mama kimya! Kwao, usipoitikiwa salamu umefukuzwa mlangoni. Alimwonea mwanawe uchungu kupita ule aliojionea mwenyewe.

Akafuta kidole kwa kanga, maana kilijaa mafuta ya karafuu, kisha akakandamiza. Alikuwa na mengi ya kusema, likatoka moja tu.

"Waalaykum salaam, baba."

Akaachia. Kuku akapita juu ya mkeka, hakuna aliyemfukuza.

"Pameandikwaje?" akauliza Mwanawema, ambaye herufi azijuazo ni za Kiarabu tu.

"Anarekodi," Bi Time akasoma. "Kaacha... Anarekodi tena... Kaacha."

Wakashikana mikono kama wasichana. Mwishowe sauti ikafika. Kwanza masufuria yaligongana, kisha ikasikika pumzi, kisha Suhail, mwanamume mwenye ndevu zake, akasema kitoto:

"Mama. Sema tena."