Mwalimu Akamwe Mwisho

Mwaka wa 2006 nilipewa chupa thelathini za chanjo ya ugonjwa wa kiwele kutoka maabara ya Kitale, na sikuwa na shaka nazo hata kidogo. Mimi Nafisa, msaidizi wa mifugo, mzaliwa wa Kanduyi, nikijua kitu huwa nakijua. Chanjo ilitengenezwa kwa vijidudu vilivyotolewa kwenye maziwa ya ng'ombe wetu wenyewe, vikauawa, ili mwili wa ng'ombe umjue adui kabla hajabisha hodi. Dawa za kupenyeza kwenye chuchu zilikuwa zimetuchosha. Leo ng'ombe anapona, mwezi ujao kiwele kimevimba tena.

Nangila wa Kamukuywa, mjane mwenye ng'ombe watatu wa maziwa, alikubali kabla ya wote. Nikawadunga mara mbili. Wiki ya sita akanipigia simu.

"Daktari, hiyo sindano yako ni maji ama ni nini? Huyu wa katikati naye amefura titi. Ingine ikifura, hawa wote napeleka Chwele wachinjwe."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimwambia nitafika kesho alfajiri nijionee mwenyewe. Siku zote nilikuwa nafika saa nne, ng'ombe wakiwa wameshakamwa.

Nilimkuta akiosha ndoo. Alianza na ng'ombe mkubwa, aliyeitwa Mwalimu kwa sababu aliletwa na mkwewe mwalimu, mahari ya binti yake wa kwanza. Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa siku nyingi kwenye titi moja, na maziwa yake yalitoka na mabonge. Nangila akamfuta kwa kitambaa, akamkama, kisha kwa kitambaa kilekile na mikono ileile akahamia kwa wadogo.

"Mama, mbona unaanza na mgonjwa?"

"Si ndiye mkubwa? Huyu ni wa mahari, daktari. Wadogo wakamwe mbele yake, hiyo ni boma gani?"

Nikamweleza. Mwili uliochanjwa huwashinda adui wachache, lakini yeye alikuwa anawapelekea wale wadogo jeshi zima, asubuhi na jioni. Mwalimu akamwe mwisho, na kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Nangila akawatazama ng'ombe wake. Mimi nikajiandaa kubishana hadi jua lichomoze.

"Wageni wakikuja kwangu," akasema, "mimi nakula mwisho. Na hakuna mtu amewahi sema mimi si mwenye boma." Akampiga Mwalimu kofi jepesi mgongoni. "Basi na wewe utangoja."

Nikamsaidia kuosha ndoo upya.

Miezi minne ikapita na hakuna titi jingine lililovimba. Nilipima maziwa ya yule mdogo kabisa, yakawa safi. Nikaandika ripoti ya Kitale kwamba chanjo inafanya kazi, kwa sababu inafanya kazi, nikamsomea Nangila kwa sauti ya mshindi.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono na kuuweka kwenye titi la ng'ombe wa katikati. Lilikuwa gumu. Halingetoa maziwa tena maishani.

"Na hii umeandika?"

Sikuwa nimeiandika. Niliona aibu kama sijawahi kuiona katika kazi hii. Nikatoa kalamu, nikaongeza palepale mbele yake: titi moja limekufa, kwa sababu mchanjaji alichanja, akakaa wiki sita bila kuwaona ng'ombe wakikamwa.