Somo la Mlango

Seng Pan hakuja kwenye kikao cha Jumatano, na Roi Nu akajiambia ni mvua. Mvua ya mji wa Myitkyina haina adabu. Hukata barabara, huzima umeme, humpa kila mvivu kisingizio. Lakini vijana wengine walifika wamelowa chapachapa, wakachuruzisha maji sakafuni, wakanywa chai na kuanza kuwasengenya mama zao kama kawaida. Kiti cha Seng Pan kilibaki kitupu chini ya picha ya Seng Pan mwenyewe.

Picha hiyo ilikuwa fahari ya ofisi. Ilipigwa kanisani, siku msichana huyo wa miaka kumi na tisa aliposimama mbele ya waumini, amevaa sketi nyekundu ya kufumwa na mapambo ya fedha mabegani, akasimulia jinsi alivyojidunga unga tangu akiwa shuleni na jinsi alivyoacha. Kina mama walilia. Mchungaji alilia. Roi Nu, mshauri wake, aliyekuwa amemshikia ndoo ya matapishi siku zile za arosto, mwili ukiudai unga, alilia kuliko wote na wala hakuona haya. Katika kazi ile ya kusaidia vijana wa pombe na unga mtu hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda, na hiki kilikuwa kitu cha kutundika ukutani.

Aliyenuna siku ile alikuwa Naw Tawng peke yake. Naw Tawng alikuwa teja zamani. Sasa ni mfanyakazi wa mitaani, anazunguka na pikipiki kugawa sindano safi na utani kwa wale ambao bado hawajaacha.

"Dada, mmempandisha juu mno huyu mtoto," alisema wakitoka kanisani. "Akiteleza, atashukia ngazi gani?"

"Mdomo wako una nuksi," Roi Nu alimjibu. "Hatelezi."

Walikuwa na ugomvi mwingine wa siku nyingi, nao ulihusu kile walichokiita somo la mlango. Naw Tawng aliwafundisha watu wake wa mitaani maneno machache: usijidunge peke yako, usifunge mlango, na kama umekaa muda bila kutumia, anza na chembe tu, maana mwili umeshasahau. Kipimo ulichokimudu mwaka jana, leo kinakuzika. Somo hilo Roi Nu aliwanyima wale wanaohitimu. Aliona kwamba kumwambia kijana aliyeacha namna ya kutumia bila kufa ni kama kumpa bibi harusi anwani ya wakili wa talaka. Siku ya kuhitimu aliwapa wali wa kunata, maombi na kumbatio, akawaambia, "Nakuamini." Seng Pan naye alipewa hayo na kwenda zake.

Kikao kilikuwa kimekwisha na vikombe vinaoshwa Naw Tawng alipoingia, koti la mvua likimchuruzika. Hakulivua. Alikiangalia kile kiti kwanza, kisha Roi Nu.

"Seng Pan hajaja?"

"Mvua."

"Jana ilinyesha vilevile na hakukaa ndani."

Roi Nu aliweka kikombe chini. "Jana umemwona wapi?"

Naw Tawng alijikuna shingo. "Nyuma ya kiwanda cha mbao."

Hakuna mtu mjini asiyejua kinachouzwa nyuma ya kiwanda cha mbao, na si mbao.

"Alikuwa ananunua?"

"Mkono sikuuona. Niliuona uso. Aliponiona akacheka, akasema anamtafutia mama yake mkaa. Na mimi nikacheka. Nikamwambia, haya, msalimie mama."

"Jana, Naw Tawng! Tangu jana umekaa na hilo tumboni?"

"Ulitaka nifanyeje? Ya mitaani hayaingii ofisini, ndiyo sheria yetu, na wewe mwenyewe uliitia sahihi! Nikianza kukuletea majina, kesho nani atapokea sindano kwangu?" Sauti yake ikapungua. "Nilijipa moyo. Nilisema akija leo, basi, nimemwonea bure."

Roi Nu alitaka kumfokea zaidi, lakini hofu ilimwahi.  Hakuogopa kwamba Seng Pan amerudia unga. Wengi hurudia, na kesho yake huja wamevimba macho na mkaanza upya. Aliogopa mlango. Seng Pan alikuwa na kipimo cha zamani kichwani na mwili mpya usiokijua, na mji mzima ulikuwa umempigia makofi. Msichana wa namna hiyo hajidungi mbele ya mtu. Atatafuta mahali pasipo na jicho hata moja, atafunga, na hakuna aliyewahi kumwambia asifanye hivyo.

"Chukua dawa," alisema. "Chukua zote zilizopo."

Zilikuwa chupa mbili ndogo za naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na unga. Roi Nu alizifunga kwenye leso na kuzitia kifuani, akapanda nyuma ya pikipiki bila hata kufunga ofisi.

Walianzia makaburini, kwa sababu ndiko wanakokaa watu wa Naw Tawng. Chini ya turubai la bluu, katikati ya misalaba, mateja walikuwa wamejikunyata wakipokezana sigara. Mmoja wao, jamaa mrefu asiye na meno ya mbele, alipunga mkono.

"Karibu, Mwalimu Roi! Leo umekuja kutuokoa au kutuzika? Maana hapa yote yanawezekana."

"Mmemwona Seng Pan?"

Walitazamana, kisha wakacheka, ingawa si kwa ubaya.

"Mtakatifu? Huyo akija hapa si atatuchafulia jina!"

"Sitanii, kaka. Amenunua jana."

Kicheko kilikatika. Yule jamaa aliitoa sigara mdomoni. "Na hakuja huku?" Aliwaangalia wenzake mmoja mmoja. "Basi yuko peke yake. Sisi angalau hatuna mlango wa kufunga, Mwalimu. Mtu akizidiwa hapa tunampiga makofi mpaka anatutukana. Nenda, nenda haraka, usipoteze muda na sisi."

Roi Nu alimpigia simu mama yake msichana, anayeuza wali wa kunata sokoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati kule na turubai huku, wakawa wanapayukiana kama watu waliogombana.

"Yuko wapi Seng Pan, mama?"

"Yuko kanisani, Mwalimu! Amekwenda tangu mchana, anatengeneza ngoma za watoto wa kwaya! Si ana ufunguo wake mwenyewe siku hizi, mtoto wangu!" Yule mama alicheka kwa raha. "Mungu akubariki, Mwalimu. Kuna jambo?"

"Hapana, mama," Roi Nu alidanganya. "Namsalimia tu."

Ufunguo huo ulitolewa wiki ile ile ya ushuhuda. Mchungaji alitaka mtu wa kufundisha watoto kuimba, na Roi Nu ndiye aliyempendekeza Seng Pan. Aliukumbuka ukining'inia kwenye kamba nyekundu shingoni mwa msichana. Alikuwa amesema mbele ya watu, kwa majivuno, kwamba anayeaminiwa haanguki.

Naw Tawng aliendesha kama kichaa. Roi Nu alifumba macho, akawa anaomba, na katikati ya maombi akajikuta anapiga hesabu ya tangu mchana mpaka saa hizi, akaacha, kwa sababu jibu lilimtisha.

Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wa kanisa lile, alikuwa barazani akikausha viti. Alifurahi kuwaona.

"Jamani, mmelowa hivyo! Njooni mnywe kitu cha moto."

"Seng Pan yuko wapi, mama?"

"Chumba cha ngoma. Lakini msimwamshe, maskini. Nimepita sasa hivi kugonga nimpe chai, nikasikia amelala fofofo. Anakoroma, nyie! Mpaka nimecheka. Mtoto amechoka na kazi ya Bwana."

Naw Tawng na Roi Nu hawakutazamana. Hawakuhitaji. Wote wawili walikuwa wameshausikia mkoromo huo mahali pengine, ule mzito wa kugugumia unaokuja kwa vituo virefu, na waliusikia kwa watu ambao hawakuamka.

Walikimbia. Chumba cha ngoma kilikuwa mwisho wa ukumbi, mlango wa mti wa msaji, mzito, uliotengenezwa na watu waliokuwa wanawaogopa wezi. Roi Nu aliweka sikio. Alisikia mkoromo mmoja. Akangoja wa pili, akangoja mpaka yeye mwenyewe akaishiwa pumzi, ndipo ukaja.

"Seng Pan! Fungua! Seng Pan!"

"Kwani kuna nini?" Mama Mchungaji alikuwa amewafikia, anahema. "Mbona mnamtisha mtoto?"

"Ufunguo wa pili uko wapi?"

"Anao mchungaji, na mchungaji yuko ng'ambo ya mto kwenye msiba. Mwacheni alale! Naw Tawng, toa bega lako hapo, huu mlango ni wa sadaka za watu!"

"Mama, sogea."

"Sisogei! Mwalimu, mwambie. Watu wakisikia mlango wa kanisa umevunjwa watasema nini juu ya huyu mtoto? Tumemjengea jina, na leo..."

"Anakufa, mama," Roi Nu alisema. "Amejidunga. Huko si kulala, anakufa."

 Wakasikiliza wote watatu. Ndani hakukuwa na mkoromo tena. Mvua tu juu ya bati.

Naw Tawng aliupiga mlango kwa bega, ukamrudisha. Akaupiga tena. Roi Nu alijiunga naye, mwanamke mfupi wa miaka arobaini, akaupiga kwa mwili mzima bila kusikia maumivu, na ajabu ni kwamba aliyeleta benchi alikuwa Mama Mchungaji. Alilikokota mwenyewe kutoka ukumbini huku akilia kwa sauti. Walilishika watatu, wakalisukumiza kwenye kitasa, na kitasa kikaachia.

Seng Pan alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ngoma ndefu, kidevu kifuani. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya wino. Bomba la sindano lilikuwa bado mkononi, na kamba nyekundu ya ufunguo ameifunga juu ya kiwiko.

Walimlaza. Kwa haraka, chupa ya kwanza ilimponyoka Roi Nu na kuviringika chini ya ngoma. Naw Tawng aliichukua ya pili, akavuta dawa kwa sindano safi ya mfukoni mwake, akamchoma pajani juu ya nguo, huku Roi Nu amemwinua msichana kidevu na kumpulizia pumzi mdomoni. Mdomo ulikuwa wa baridi. Alipuliza, akaangalia kifua kikiinuka, akapuliza tena. Kila alipoacha, kifua nacho kiliacha.

"Bado," alisema Naw Tawng.

"Tafuta ile nyingine!"

Mama Mchungaji ndiye aliyelala kifudifudi na gauni lake la kijani, akaitoa chupa kwenye vumbi. Naw Tawng akamchoma mara ya pili. Roi Nu aliendelea kupuliza. Katikati ya pumzi na pumzi alikuwa anasema maneno ambayo hakuyapanga. "Usifunge mlango. Usiwe peke yako. Anza na kidogo, mwanangu, kidogo tu." Alikuwa anafundisha lile somo, sasa, kwa mtu asiyesikia.

Kifua kiliinuka bila yeye kupuliza. Kikashuka. Kikainuka tena, kwa kwikwi. Rangi ikaanza kurudi midomoni kidogo kidogo, na Naw Tawng akakaa kitako sakafuni, akajifuta uso kwa koti lililolowa.

Roi Nu, akiwa nyuma yake, alikipakata kichwa cha Seng Pan. Alikuwa hajawahi kupenda kitu kama alivyoupenda uzito wa kichwa kile. Msichana alifumbua macho, na mbele yake akamwona Naw Tawng peke yake. Alichukua muda kumtambua. Baridi ya arosto ilishaanza kumtikisa. Halafu akamshika mkono, akamvuta karibu.

"Kaka Naw," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Tafadhali. Usimwambie Mwalimu."

Naw Tawng hakujua aangalie wapi. Mama Mchungaji aligeukia ukutani.

"Nilitaka kuja kwenu tangu mwezi uliopita," Seng Pan aliendelea, machozi yakimshukia masikioni. "Nimefika mpaka getini mara ngapi sijui. Nikiiona ile picha kupitia dirishani, narudi. Niapie kwamba humwambii."

"Hatakuuliza kitu," Roi Nu alisema. "Hakuna atakayekuuliza kitu, mwanangu."

Seng Pan aliitambua sauti. Mwili wote ukakakamaa mikononi mwa Roi Nu, na kwa mguu usio na nguvu akaanza kusukuma sakafu ajiondoe, ajitoe pale alipopakatwa, arudi nyuma ya ngoma. Roi Nu alikuwa ameona vijana wakiwaogopa polisi, wauzaji, baba zao walevi. Macho hayo aliyajua. Sasa yalikuwa yanamwangalia yeye.

Hawakuweza kumwacha aende. Ile dawa huisha mwilini mapema kuliko unga, na mtu aliyezinduka anaweza kuzama tena, kwa hiyo ilibidi wakae naye mpaka pikipiki yenye tela ije kumpeleka hospitali. Walikaa hapo chini, mlango ukiwa wazi, mvua ikipiga bati. Seng Pan aliuficha uso kwenye mkono wa koti la Naw Tawng. Roi Nu alisogea akaketi hatua chache mbali, karibu na uwazi wa mlango, kwa sababu aliona kwamba kila alipomkaribia, msichana aliacha kuvuta pumzi.