Mhasibu wa Mbio Mbili

Manispaa ilimwambia Derna Zavalloni afike saa nne kwenye kumbukumbu ya mbio za zamani za pikipiki. Yeye akafika saa tatu, akamkuta Ulderico keshakaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, na koti la mashindano ambalo tumbo lilishakataa lifungwe.

"Shemeji!" Ulderico alijaribu kuinuka.

"Kaa hapo hapo. Ukinifia hapa watasema nimelipa kisasi cha Anteo."

Ulderico akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ndiye mtu aliyempokonya marehemu Anteo, mume wa Derna, ubingwa wa Italia mwaka sitini na saba, kwenye barabara hii hii ya pwani, na tangu hapo hakukosa kula kwao kila Pasaka.

Siku hizi kila mpanda pikipiki ana daraja lake moja la ushindani na mafundi ishirini wa kumhudumia. Anteo alikuwa na gari moja bovu, pikipiki mbili nyuma yake, na Derna. Asubuhi alishindana kwenye zile ndogo zenye injini ya cc mia na ishirini na tano, mchana kwenye zile kubwa za mia tatu na hamsini. Nguo ya ngozi ilikuwa moja. Baina ya mbio hizo Derna alimvua ikiwa imelowa jasho, akaigeuza, akaijaza magazeti yanywe unyevu, kisha akampaka Anteo poda ya mtoto mabegani ili imkubali tena. Huku anavishwa, Anteo alikunywa mchuzi wa kuku kutoka kwenye chupa ya chai, kwa vile tumbo lake halikuvumilia kitu kingine. Harufu ya poda, petroli na mafuta ya nyonyo yaliyoungua kwenye injini humrudia Derna mpaka leo akipita tu mahali wanapoogesha watoto.

Yeye pia ndiye aliyeshika saa na ubao. Kila Anteo alipopita, Derna alichora mstari kwa penseli nyuma ya pakiti ya sigara, akapiga hesabu, akaandika kwa chaki mizunguko iliyobaki, akaunyanyua ubao juu.

Siku ile ya mwisho wa msimu, Anteo alishinda mbio za asubuhi na ubingwa wa daraja dogo ukawa wake. Wa daraja kubwa ulikuwa kati yake na Ulderico: atakayetangulia mwenzake ndiye bingwa. Walianza saa tisa. Anteo alikaa mbele, Ulderico akamng'ang'ania mgongoni kama kupe. Derna akainua ubao: moja. Anteo akazunguka, akavuka mstari, akanyoosha mkono juu, akaketi wima kwenye tandiko na kuachia kishikio cha mafuta. Lakini mwenye bendera ya kumalizia mbio alikuwa bado ameikunja kwapani. Ulikuwa umebaki mzunguko mzima. Ulderico akampita kwa kishindo. Anteo alipozinduka, akamfukuza kama mwendawazimu, akashindwa kwa urefu wa gurudumu.

"Nilikosea kuhesabu," Anteo aliwaambia waandishi. "Mbio mbili kwa siku, kichwa kinachemka. Nilihesabu mwenyewe, ubao sikuutazama."

Jioni Derna aliitazama ile pakiti. Mstari mmoja wa mbio za asubuhi ulikuwa umebaki pembeni, naye alikuwa ameuhesabu. Akamwonyesha mumewe huku machozi yanamtoka.

"Hayo yako ni yako," Anteo alisema. "Mimi ubao wako sikuuona. Njoo tule."

Basi mji mzima ukambandika Anteo jina: Mhasibu. Alipofungua gereji, watu walipita mlangoni wakipiga kelele, "Mhasibu, hesabu mpaka kumi!" Naye alihesabu, akiruka saba makusudi. Alikufa akiitwa hivyo.

Sasa kijana wa manispaa alishika kipaza sauti, akakisimulia kisa kile kwa mbwembwe. Watu wakacheka kwa mapenzi. Derna naye alitabasamu, kama alivyozoea kwa miaka hamsini.

Ulderico hakucheka. Alimwinamia. "Shemeji, mimi nilikuwa nyuma yake hatua tatu. Aliugeuzia ubao wako kichwa. Aliusoma, akakunyanyulia dole gumba."

"Unasemaje?"

"Na mimi niliusoma. Karibu nami nipunguze mwendo! Kilichoniokoa ni yule mwenye bendera. Anteo aliniapisha nisikwambie. Nilikusudia niende na siri hii kaburini, lakini nikimsikia huyu mtoto anavyomcheka, roho inaniuma."

Kwanza Derna alipandwa na hasira. Miaka yote ile, kila walipogombana, kila alipomrushia maneno makali kwa kuchelewa gerejini, Anteo alikuwa na jibu moja ambalo lingemnyamazisha, na hakulitumia hata mara moja.

"Mwongo mkubwa yule," alisema. "Mwongo wa kutupwa."

Akainuka. Alimpokonya kijana kipaza sauti bila kuomba.

"Jina langu Derna. Aliyekosea kuhesabu ni mimi. Anteo alihesabu nilivyomhesabia, kwa sababu aliniamini. Kuanzia leo, atakayemwita Mhasibu aniite mimi."

Mzee mmoja wa safu ya nyuma akapaza sauti, "Haya, Mhasibu, hesabu mpaka kumi!" Kicheko kikalipuka, na Derna, uso umelowa, akahesabu mpaka kumi bila kuruka hata moja.

Baadaye walikula piadina, mkate mwembamba kama chapati, yenye jibini laini, wamesimama kibandani kando ya barabara. Ulderico alitaka kumweleza jinsi alivyoikata kona ya mwisho ya mbio zile.

"Achana na kona yako," Derna alisema. "Hilo dole gumba. Alilinyanyua kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye kishikio cha mafuta."

"Alikuwa anacheka?"

"Nilimwona kisogo tu, shemeji. Lakini mabega yake… ndiyo. Nadhani alikuwa anacheka."

Derna alimega kipande kingine cha piadina, akamwambia aanze tena tangu mwanzo, polepole.