Mvua Mara Mbili kwa Dakika

Mjomba alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na hauna dawa: akimwona mtu ametulia, damu inamchemka. Ofisi yake ya kutengeneza michezo ya simu ilikuwa chumba kimoja, meza tatu, na kila robo saa lazima usimame useme umefanya nini. Ukisema "nilikuwa nafikiria," umekwisha.

Sasa mpwa wake, ambaye ofisi nzima inamwita Fundi, alikuwa ametokwa jasho miaka miwili kwenye mchezo wa soko: wauzaji, wateja, paka wezi, mvua. Kwenye simu ya bei rahisi ulikuwa unakwamakwama kama mtu anayepandisha kabati ngazini. Fundi akagundua kisa: kila kitu kilikuwa kinahesabiwa mara sitini kwa sekunde. Hata njaa ya wale paka! Jamani, nani anajiuliza mara sitini kwa sekunde kama ana njaa? Akapanga upya. Miguu ya watu na paka ibaki mara sitini, maana ikichelewa jicho linaona. Njaa mara moja kwa sekunde. Mvua ijiulize inyeshe au isinyeshe mara mbili kwa dakika, basi. Mchezo ukateleza kama sabuni bafuni.

Mjomba akaiona ratiba hiyo kwenye kompyuta asubuhi ileile mnunuzi wa mchezo anakuja.

"We mtoto, mvua inafanya kazi mara mbili kwa dakika, halafu?"

"Halafu inasubiri zamu yake, Mjomba."

"Inasubiri! Kwangu! Na njaa nayo imekaa kitako? Rudisha wote kazini, sasa hivi!"

Kubishana na Mjomba ni kutwanga maji kwenye kinu. Fundi akasema "sawa, Mjomba," akachora taa ya kijani pembeni ya kila jina kwenye ratiba, zikapepesa bila kukoma. Ratiba yenyewe hakuigusa. Mjomba akazitazama taa, uso ukamng'aa kama bwana harusi.

Mnunuzi, mama mmoja mwenye sauti ndogo, akacheza dakika kumi kwenye simu yake kuukuu. Haukukwama hata mara moja.

"Mmefanyaje?"

Mjomba akavimba. "Mama, humu ndani hapumziki mtu. Kila kitu mara sitini kwa sekunde!"

Mama akaiweka simu mezani taratibu. "Basi hapana. Wateja wangu umeme wanaupata kwa shida. Mchezo wa hivyo utawanyonya chaji yote." Akachukua mkoba.

Miaka miwili hiyoo, inaelekea mlangoni! Fundi akaruka kutoka kitini.

"Mama, si kweli! Zile taa anazoziona Mjomba ni mapambo tu. Njoo uone ratiba."

Mjomba akamgeukia Fundi: "Umenidanganya? Mimi, niliyezaliwa tumbo moja na mama yako?"

"Nimekudanganya, Mjomba. Nisamehe. Lakini ningekutii, tungekuwa tunamwonyesha mama simu iliyoganda."

Mama akasoma mstari kwa mstari, akakaa tena. "Nauchukua. Ila mazungumzo yote na wewe, binti." Akainama, akanong'ona: "Na huyu mjomba wako, kazini anahitajika kila baada ya muda gani?"

Fundi akafikiria. Bila haraka, mbele ya Mjomba kabisa.

"Mara moja kwa mwezi, mama. Na hapo tusimwamshe ghafla."