Waya Anaoushika Nyamvula

Kadzo alikuwa akizungusha waya wa koili kwenye spoku ya baiskeli, barazani kwao Bofu, marehemu dada yake alipoingia kwa mlango wa uani na kuuliza kama unga wa mahamri umeumuka.

"Bado," Kadzo akasema. "Hamira nimeitia kidogo."

Nyamvula akaivuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia. Alivaa leso ile ile aliyozikwa nayo, na visiginoni alikuwa na udongo. Tangu matanga yaishe alikuwa akija asubuhi, kama mtu anayetoka sokoni, na wapangaji walikwisha kumzoea. Jalila wa chumba cha pili, mama wa makamo asiyeacha kumsalimu mtu kwa sababu tu amekufa, alichungulia dirishani.

"Nyamvula mwanangu, mbona umekonda? Kwani huko hamli?"

"Shikamoo, Bi Jalila. Twala. Chakula tu ndicho cha baridi."

"Wallahi, hilo nami singeliweza," Jalila akasema, akarudi kwenye kufua.

Nyamvula alikuwa fundi wa majiko ya koili. Wanawake wa Likoni wanaokaanga viazi karai na kuchemsha chai ya kuuza walipikia majiko yake. Alifia mbele ya jiko lake mwenyewe, mkono kwenye fremu ya chuma, nyayo tupu kwenye sakafu iliyolowa. Mzee Matano, mwenye nyumba, akasema ameuawa na takataka zake za kienyeji, na ofisi ya chifu ikaandika kama alivyosema. Udongo wa kaburi haujakauka, wanawake wakaanza kuyarudisha majiko. Waliyatua mlangoni bila kupiga hodi, wakaenda zao. Rundo lilikuwa limefika usawa wa dirisha.

Kilichomkera Kadzo ni rundo lile. Kufa, watu hufa. Lakini dada yake afe, kisha aitwe mzembe na watu aliowatengenezea majiko kwa mikono yake? Ndipo akaamua kulijenga upya jiko lile lile, barazani, mchana, kila mpita njia akiona.

"Vuta zaidi," Nyamvula akasema. "Pete zisigusane. Zikigusana, hapo patawaka kupita kwingine na waya utakatika."

Kadzo akavuta mpaka pete zikaachana sawasawa. Waya alikuwa ameupima kwa mita ya umeme kabla ya kuukata, ukinzani wa omu hamsini na nane, kwa kuwa waya mfupi huvuta umeme mwingi kupita kiasi na kuyeyusha soketi. Akaulaza kwenye mifereji ya sahani ya udongo uliochomwa. Ncha zake hakuzisokota na kuzifunga kwa utepe wa plastiki, maana utepe huyeyuka. Alizikaza kwa skrubu ndani ya kiunganishi cha kauri. Ndani ya plagi akatia fyuzi ndogo. Akaweka ncha moja ya mita kwenye koili na nyingine kwenye fremu, mita ikanyamaza, ishara kuwa koili haigusi chuma, naye akaridhika. Mwisho akakwangua rangi ya fremu hadi chuma kikang'aa, akaufunga hapo waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano unaoushusha ardhini umeme uliovuja.

"Langu lilikuwa hivi hivi," Nyamvula akasema. Hakuwa analalamika.

"Najua. Sasa nataka kujua nyumba ilikuwaje."

Akazima swichi kuu, akafungua soketi. Waya wa ardhi ulikuwepo. Akaufuata darini, kutoka chumba hadi chumba, Jalila akimshikia ngazi. Nyaya za ardhi za vyumba vyote zilikuwa zimeunganishwa pamoja, zikaelekea nyuma ya nyumba kwenye pampu ya maji ya Mzee Matano. Kutoka hapo zilipaswa kuingia ardhini. Hazikuingia popote. Ncha ilikuwa imeviringwa kwenye msumari, msumari umepigiliwa kwenye ubao.

Mita ikaonyesha kuwa pampu yenyewe inavuja umeme. Umeme huo, ulipokosa njia ya kushuka, ulirudi kwa waya ule ule na kuingia vyumbani, ukangoja. Jiko la ovyo lisilo na waya wa ardhi lisingemdhuru Nyamvula siku ile. Lake lilifungwa inavyotakiwa, na waya wa ardhi ukauleta umeme hadi kwenye fremu aliyoishika.

"Kumbe jiko langu lilikuwa zima kuliko nyumba," Nyamvula akasema.

Mzee Matano akaitwa. Akaja na kikoi chake na msuaki mdomoni. Nyamvula akainuka kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakumtazama. Hakupenda wapangaji waliokwisha kuhama watumie ua wake.

"Mzee, waya huu umefungwa kwenye msumari," Kadzo akasema.

"Nyumba hii nimeijenga zamani. Haijaua mtu."

"Imeniua mimi, mzee," Nyamvula akasema kwa upole.

"Wewe umeuawa na jiko lako. Limekwisha andikwa hilo."

"Basi niache nitoboe uani nipigilie fimbo ya shaba, waya upate kushuka ardhini," Kadzo akasema. "Gharama yangu, jasho langu."

"Saruji yangu haitobolewi. Na koili hapa ni marufuku." Akaondoka, na kabla ya adhuhuri maneno hayo ya mwisho yalikuwa yameandikwa kwa rangi ukutani.

Nyamvula aliyasoma, kisha akautazama ufa mwembamba kwenye saruji, kando ya bomba.

"Hapo hapatobolewi, pamepasuka penyewe," akasema. "Pitisha waya wa shaba. Mimi nitaupokea."

Akajifunga leso vizuri, akatoka kwa mlango aliouingilia, akashika njia ya makaburini. Kadzo akaingiza ncha ya waya ufani. Baada ya kitambo waya ukaanza kuvutwa kutoka chini, taratibu, kama kamba ya ndoo kisimani. Jalila akashika robota la waya, likazunguka mikononi mwake.

"Polepole, mwanangu, utaninyofoa vidole!"

"Ongezeni!" sauti ya Nyamvula ikasema chini ya saruji.

"Umefika kwenye maji?" Kadzo akauliza.

"Bado. Ongeza. Haya, umefika. Tope zuri hili."

Kadzo akaunganisha nyaya za vyumba vyote na ile ya pampu, akapima, kisha akawasha swichi kuu. Umeme uliovuja ukapata njia ya kushuka, na fyuzi ya pampu ikalipuka papo hapo, mbele ya wapangaji wote. Akalichomeka jiko. Koili ikawa nyekundu, kutoka katikati hadi ukingoni. Akaweka kiganja kwenye fremu, pale pale dada yake alipokuwa ameshika, asihisi kitu.

Mzee Matano alinunua pampu mpya. Alisema ile ya kwanza ilikuwa imezeeka. Fimbo ya shaba hakuipigilia, kwa kuwa nyumba sasa ina waya wa ardhi, na anapowaonyesha wageni vyumba huutaja miongoni mwa sifa. Huwaambia pia kwamba hapa paliwahi kufa mtu kwa uzembe, na huwaonyesha maandishi ukutani. Ofisi haijabadilisha neno.

Nyamvula haji tena asubuhi. Mikono yake ina kazi.

Kadzo huyakaanga mahamri chini ya maandishi yale yale. Majiko yote ya rundo ameyaandika jina la dada yake kwa rangi nyekundu, akayapanga kando ya barabara. Jalila alichukua la kwanza. Wengine hupita wakiangalia pembeni.

"Hapa aliuawa mtu na pampu yako, mzee," Kadzo husema kwa sauti, kila Mzee Matano anapopita na mgeni. Mzee hununua hamri, hutafuna, hutikisa kichwa kwamba ni tamu, na huendelea na maelezo yake.

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha, Kadzo huinama kwenye ufa kando ya bomba.

"Unga umeumuka," husema.

Waya huvutwa kidogo, mara moja, kisha hukazika.