Fahali Aliyeliwa Geita

Fahali yule alikuwa mweupe mwenye masikio meusi, na kila mtu wa upande wetu wa Kishapu alimfahamu kabla hajapata mmiliki. Mwenye duka mmoja alimfunga nje ya duka lake msimu ule wa mwaka hamsini na tatu, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa, akatangaza kwamba manju atakayevuta watu wengi siku ya mashindano ya ngoma ataondoka naye. Watu wakasema mzee huyu ana moyo mkubwa. Moyo wake ulikuwa kwenye kaniki na sukari, maana aliyekuja kumwangalia fahali hakuondoka mikono mitupu, lakini tumwache, hiyo ilikuwa biashara yake.

Asiyejua ngoma za kwetu nimweleze kidogo. Manju ndiye kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbaji. Manju wawili hucheza siku moja katika uwanja mmoja, kila mmoja na duara lake, huyu mashariki, yule magharibi. Hakuna hakimu wa kupima nani kacheza vizuri. Watazamaji wana miguu yao. Wakichoshwa na huyu wanahamia kwa yule, tena wanakimbia hasa, kina mama na watoto mgongoni, na jua likizama mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, anaangalia upande gani umejaa. Uliojaa ndio ulioshinda.

Mwaka ule walikutana Ngassa na Jilala. Jilala alikuwa jirani yangu, na shida yake niliijua kama alivyoijua mwenyewe. Mkewe Paskalia alikwenda kwao kujifungua, na mtoto alipopatikana, baba yake Paskalia, Mzee Masele, akamzuia asirudi kwa mumewe. Mahari ilikuwa imebaki mtamba mmoja. "Mtamba akiingia zizini, mke anatoka," alisema Masele, na hakuwa mtu wa kurudia maneno. Mtoto, Mageni, alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa, na baba yake hajapata kumbeba. Jilala alijipikia ugali mwenyewe. Niliwahi kuuonja, na tangu hapo nikawa namwombea mkewe arudi.

Siku ya mashindano, mpaka alasiri, Ngassa alikuwa amejaza uwanja. Alirusha jembe juu, likazunguka, akalidaka kwa mpini huku anacheza, na watu wakapiga vigelegele. Ngassa alikuwa mtoto wa dada yake Masele, kwa hiyo Masele alikaa mbele kabisa kwenye kigoda, anatabasamu. Upande wa Jilala tulikuwa wachache, tukitazamana kwa haya.

Ndipo Jilala akanyamazisha ngoma zake akaanza kuimba taratibu, peke yake. Aliimba kwamba ana mke na ana mtoto, lakini analala na jembe. Akaimba juu ya mzee mmoja mlinzi hodari, ambaye fisi hapiti kwake usiku na mkwe hapiti kwake mchana. Jina hakulitaja. Kwetu mkwe hatajwi hovyo, wala hatazamwi usoni, sembuse kuimbwa hadharani. Watu waliposikia, waliacha jembe la Ngassa hewani wakaja mbio. Wakaitikia, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Masele naye alisikia kicheko, akainuka kwenye kigoda chake, akavuka uwanja kuja kuona ni nani anayechekwa. Alisimama katikati yetu akasikiliza wimbo wote, na nilimwona mdomo ukimcheza kabla hajakumbuka kununa.

Jua lilizama upande wetu ukiwa umejaa. Jilala akakabidhiwa kamba ya fahali, na sisi tukarudi nyumbani kunoa visu.

Hapo ndipo ilipo desturi yenyewe. Mnyama wa ngoma huliwa. Wanaanza wapiga ngoma, wanafuata waitikiaji, kisha wote waliosimama kwenye duara lile mpaka jua kuzama. Unaweza kupata kipande kisichozidi kidole gumba, lakini umekula ng'ombe wa manju wako, na mwaka unaofuata miguu yako inakumbuka. Nasema haya bila kinyongo, ingawa tumbo langu lilikuwa limeshamtengea fahali yule nafasi.

Siku zikapita, moshi hauonekani kwa Jilala. Wapiga ngoma wakamtuma mkubwa wao, Herman, mtu mpole asiyependa ugomvi. Alinipitia tukaenda wote. Tulimkuta Jilala anamnywesha fahali maji.

"Mwangaluka, Baba Mageni," Herman alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Unajua wanachouliza. Wengine wameshakopa chumvi."

Jilala akacheka kidogo, kisha akaacha. "Herman, huyu simchinji. Namuuza, nipate mtamba, nimchukue mke wangu."

"Huyu si wako peke yako."

"Jina lililoitwa pale uwanjani ni la nani?"

"Lako. Lakini aliyelifanya liitwe ni nani? Ungeimba mbele ya wapiga ngoma wako tu, mwanangwa angekupa hata kuku?"

"Watu walikuja kucheka, wakacheka. Wimbo ule ni maumivu yangu mimi. Hakuna aliyekuja kulala kwangu anisaidie kuumwa." Sauti ilimpanda. "Mtoto wangu hanijui, Herman! Nyama inaisha siku moja. Nikiwachinjia, kesho yake mtakuwa mnajichokonoa meno na mimi nitakuwa palepale."

Nadhani Herman alimwonea huruma, hata mimi nilimwonea. Lakini alipoinuka alisema tu, "Ungetuambia kabla hatujaitikia." Jilala akaendelea kumnywesha fahali.

Kumwuza fahali anayejulikana ni kazi. Nilimsaidia kumswaga hadi mnadani, na tulipofika watu walimsalimu fahali kwanza, sisi baadaye. Hakuna aliyetaja bei. Mfugaji mmoja mwenye mitamba mizuri, ambaye siku nyingine angekubali kubadilishana huku anacheka, alimpapasa mgongo, akamwangalia Jilala, akasema, "Nikimpeleka huyu kwangu, watu watasema nimekula cha uwanja mzima." Akaenda zake. Tulisimama juani na mnyama bora kuliko wote mnadani, na wanunuzi wakatuzunguka mbali kama tuna ndui.

Aliyenunua alikuwa mgeni, Selestine, aliyekusanya ng'ombe wa kulisha wachimbaji wa mgodi wa Geita. Yeye hakujua ngoma wala wimbo. Aliona tu wenzake hawamgusi, akajua kuna jambo, akashusha bei. Jilala akakubali. Kwa fedha zile akapata mtamba mwembamba, mwenye mbavu za kuhesabika, lakini mtamba. Habari zilitutangulia nyumbani. Kwa miezi kadhaa, wachimba dhahabu wa Geita walitukanwa Kishapu kwa kosa la kula nyama ya uwanja ambao vumbi lake hawakulimeza.

Jilala alimpeleka mtamba kwa baba mkwe asubuhi, nami nikiwa mshenga wake, kwa kuwa yeye hakuweza kusema na mkwe ana kwa ana. Alichuchumaa nje ya ua, kichwa chini. Masele alimzunguka mtamba, akamshika mkia, akaguna.

"Amekonda," aliniambia.

"Amekonda, mzee, lakini ni jike na ni mzima."

"Nampokea. Paskalia ataondoka leo." Nikasikia Jilala anashusha pumzi kule nje. Kisha Masele akaongeza, kwa sauti ya kufika uani, "Mahari yangu imekwisha. Sasa nyama yangu iko wapi?"

"Nyama gani, mzee?"

"Nilisimama kwenye duara lake mpaka jua kuzama. Nilichekwa, na bado nilisimama. Mwambie mkwe wangu, nami ni mmoja wa wanaomdai."

Nilidhani ni utani wa mzee. Paskalia akatoka na mtoto na mzigo wake, tukaondoka. Njiani Jilala alimbeba Mageni, na mtoto akalia kwa kuona mtu asiyemjua, na Jilala akacheka huku machozi yanamtoka. Nilifurahi naye, nisiseme uongo. Siku ile nilisahau hata nyama.

Masele hakusahau. Alikuwa na maksai mzee, ambaye hakuweza tena kuvuta plau, jembe la ng'ombe. Baada ya siku chache akamwongoza mpaka uwanjani, akawaita watu wote waliosimama upande wa Jilala, akamchinja. Alisimama juu ya kigoda chake akasema, "Mkwe wangu ni kijana, alikuwa na shida. Deni lake nimemlipia. Kuleni ng'ombe wa Jilala."

Tukala. Nyama ilikuwa ngumu kama mkanda, tukaisifu. Kila aliyetafuna alijua kwamba ng'ombe huyu si wa Jilala. Ngassa mwenyewe, mpwa wa Masele, ndiye aliyekuwa akigawa, mikono ina damu mpaka viwikoni, na kila mtu alimwambia wabeja, asante kwa Kisukuma. Tulimpelekea Jilala fungu lake kwenye majani. Alilipokea, maana angefanya nini? Kumkatalia mkwe hawezi. Kusema kwamba ametukanwa hawezi, kwa kuwa amelipiwa deni. Paskalia aliichemsha nyama ile kutwa nzima, na mumewe akasema hana njaa.

Mwaka uliofuata wakakutana tena, Ngassa mashariki, Jilala magharibi. Zawadi ilikuwa plau mpya. Jilala alikuwa amefanya mazoezi msimu mzima, na wapiga ngoma wake walikuwepo wote, Herman akiwaongoza, kwa sababu mpiga ngoma ni rafiki kwanza. Alivaa njuga miguuni, akajipaka chokaa kifuani. Alicheza vizuri mno. Nilimwona kwa mbali, maana nami, baada ya kula nyama ya Masele, nilikuwa nimesimama upande wa pili na wenzangu. Ngassa aliangusha jembe lake, na hata hapo hakuna aliyehama. Ilipofika alasiri, kule magharibi alibaki mtazamaji mmoja tu, Paskalia, na Mageni ameketi mchangani anapiga makofi. Jilala alimalizia wimbo wa mwisho bila kupunguza hata hatua moja, akimwelekea mkewe. Mwanangwa hakugeuza shingo upande ule.

Jua lilipozama nilivuka kwenda kumpa pole. Alikuwa ameketi chini, jasho limemchora kwenye chokaa. Paskalia alikuwa akimpepea kwa upande wa kanga.

"Umecheza," alimwambia. "Mwaka jana sikukuona, nilikuwa kwa baba. Waliokuona wanasema hujapata kucheza kama siku ile. Mimi naona haiwezi kuwa zaidi ya leo."

"Mwaka jana palikuwa na watu," alisema Jilala.

Mkono wa Paskalia ukasimama.

"Na mimi?" aliuliza.

Jilala alikuwa ameinama anafungua njuga, na aliendelea kuzifungua. Paskalia alimsubiri. Kisha akamwinua Mageni mchangani, akamfunga mgongoni, akatangulia njia ya nyumbani.