Mama Miguu Anafunga Mizigo

Mama yangu alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na mtu wa kwanza kuambiwa hakuwa baba, wala mimi kifungua mimba wake. Alimwambia mgonjwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee mmoja, akimpima kigutu cha mguu, simu ikalia mfukoni. Akasoma ujumbe, akairudisha simu, akamaliza kupima kwanza. Ndipo akamwambia yule mzee kwamba chuo kimemkubali. Mzee akashangaa: chuo cha nini tena, na fundi ndiye yeye?

Kazi ya mama ni kutengeneza miguu ya bandia. Karakana yake ipo nyuma ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia mashuka. Ndani kuna vumbi la plasta lililoganda mpaka kwenye nyaya za taa, na rafu ndefu iliyopangwa nyayo za mpira, za kushoto upande huu, za kulia upande ule, kama viatu mlangoni kwenye shughuli. Watu humwita Mama Miguu. Watoto wa mtaani kwetu wamekua wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa na cheti na uzoefu wa miaka mingi, lakini kuna miguu iliyomshinda. Mtu aliyekatwa juu ya goti anahitaji goti la bandia, na goti, alikuwa akituambia, ni hesabu nzito. Ukikosea kidogo mtu anaanguka barabarani. Kila alipolazimika kumpa mtu kama huyo magongo badala ya mguu, jioni hiyo alikula kimya. Basi akawa anaomba chuo. Alinyimwa mara mbili, hakusema na mtu. Ya tatu wakamkubali, tena kwa ufadhili, miaka minne.

Habari mtaani haina miguu lakini hukimbia. Wako waliompongeza, wako waliosema ng'ombe hazeeki maini, huku wakicheka kwa namna ambayo hujui wanakusifu au wanakusengenya. Kisha akaja shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye hata redio ikizungumza huijibu. Alikuja na begi, maana yake hakuja kusalimia. Akakaa sebuleni, akapewa chai, akasema amekuja kuuliza swali moja tu. Sote tulijua kuwa swali moja la shangazi lina watoto na wajukuu. Nani atampikia kaka yake? Akiugua? Watu wakisema ameachwa, wifi atakuwepo kuwajibu? Na mtu wa umri ule si ndio angekuwa anasubiri kupakata wajukuu, badala ya kubeba daftari na watoto wa wenzake? Mama alisikiliza yote mikono ikiwa mapajani. Hakujibu, kwa sababu maswali yale hayakuwa yanamtazama yeye. Yalikuwa yanamtazama baba.

Baba ni fundi saa. Maneno yake hutoka kwa mgawo. Alimwacha dada yake amalize, akaweka kikombe chini.

"Dada," alisema, "huyu amesimamisha watu wengi. Leo mimi ndiye nimfunge miguu yeye? Kupika nitajifunza. Kuna watu wanajifunza kutembea upya, sembuse mimi na sufuria."

Shangazi akaonja chai, akasema haina sukari. Lakini begi lake hakulibeba. Alikaa mpaka siku ya safari.

Hapo ndipo tulipodhani tutaanza kufunga mizigo. Sanduku jipya likafunguliwa juu ya kitanda cha wazazi, likabaki limeachama. Hospitali ilikuwa imempa mama likizo ili ajiandae, na mama akaitumia likizo hiyo kwenda kazini. Wagonjwa walikuwa wamesikia. Kila mwenye mguu uliotoka mkononi mwake alitaka uangaliwe kabla hajaondoka: fundi cherehani ambaye kisigino chake kililika kwa kukanyaga pedeli, mwalimu aliyenenepa hata kigutu kikawa hakiingii, msichana wa shule aliyerefuka na mguu mmoja ukabaki nyuma. Karakana ilipojaa, wakaja nyumbani. Asubuhi moja niliamka nikakuta miguu mitano imeegemezwa kwenye kochi letu, na wenye nayo wamekaa ukumbini wanakunywa chai na shangazi, wanamweleza kila mmoja alivyoupata wake. Yeye ambaye huwa hanyamazi alikuwa anasikiliza.

Mama hakumrudisha hata mmoja. Lakini hakuwashika yeye mwenyewe. Hapo ndipo nilipomwelewa mama kuliko miaka yote niliyoishi naye. Alikuwa na msaidizi, mwanamke mdogo kwake, mpole, mwenye mikono mizuri na woga mwingi; kila kitu alikifanya vizuri mradi mama awe nyuma yake anaitikia kwa kichwa. Mama aliamua kuacha kuitikia. Wagonjwa walipokuja alivuta kiti, akakaa, akatia mikono mfukoni mwa aproni.

Siku niliyompelekea chakula karakana nilimkuta dereva mmoja wa zamani wa malori, mwanamume mkubwa mwenye sauti ya injini. Alikuwa amekataa kata kata. Mguu wake, alisema, haushikwi na mtu mwingine. Kama Mama Miguu amechoka, yeye atarudi kesho. Msaidizi alikuwa amesimama na bisibisi mkononi, macho chini, karibu kulia.

Mama hakuinuka. "Mwanangu," alimwambia yule dereva, japo walikuwa karibu rika moja, "mimi nikiondoka, mikono hii naondoka nayo. Inayobaki ni ya huyu. Ukiikataa leo nikiwa nimekaa hapa, kesho kutwa utamkimbilia nani?"

Yule bwana akamtazama, akamtazama msaidizi, akavuta suruali juu. Msaidizi akapiga magoti, akaanza. Alibadilisha mkanda uliochakaa, akalainisha kikombe cha mguu, kile kigutu kinamoingia, pale kilipokuwa kinamkwaruza, akamfunga. Dereva akasimama, akapiga hatua, na nikaona uso wa mama umebadilika kidogo sana. Alikuwa ameona kosa. Mimi sikuliona, mtu alikuwa anatembea. Nikamwona mama amekaza mikono mfukoni mpaka kitambaa kikavutika, na midomo ameibana. Dereva akaenda mpaka mlangoni, akageuka, na aliporudi msaidizi akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu.

"Unaegemea nje," akasema. "Subiri." Akalegeza skrubu kifundoni, akauzungusha unyayo kiasi cha ukucha, akakaza. Dereva akatoka uani, akazunguka mti wa kuanikia nguo za hospitali, akarudi bila kushika ukuta. Hakumshukuru mama. Alimshukuru msaidizi, akamuuliza anapatikana siku zipi.

Tulipotoka mama alikuwa akitembea upesi kuliko mimi. Njiani aliniambia kitu kimoja tu, kwamba kukaa kwenye kile kiti kumemchosha kuliko kazi yote aliyowahi kufanya. Alisema huku anatabasamu, na mimi nikaongeza hatua nimfikie.

Mizigo, basi, ilifungwa na baba. Alifunga duka lake mapema, akakaa kitandani, akakunja nguo za mkewe moja moja kwa ile subira ya kupanga vyuma vya saa, soksi ndani ya viatu, viatu ndani ya mfuko, kila pengo limejazwa. Mdogo wangu, kitinda mimba, alitaka kutoa patasi na tupa za mama, akidai chuo kina vifaa vyote na sanduku lina uzito wake. Baba akazirudisha, akatoa blanketi badala yake. Alisema blanketi hununuliwa popote, lakini mpini uliozoea kiganja haupatikani dukani. Shangazi, ambaye hakuwahi kutamka kwamba amebadili nia, alikuwa kwenye pasi tangu asubuhi. Alipoona blanketi linatolewa akaja juu: huko kuna baridi ya kukata mfupa, wifi yake atakufa! Alivua sweta lake alilokuja nalo, akalipiga pasi, akalisukumiza ndani kwa ngumi. Baba akalitoa, akalikunja upya, akalirudisha.

Kwenye uwanja wa ndege tulikuwa wengi, wagonjwa wake wakiwemo, kama tunasindikiza bibi harusi, na waliochechemea walikuwa wachache. Mama alituaga kwa haraka, kwa kuwa alijua akikawia atalia. Baba alimshika mkono muda mrefu. Kisha mama akaingia, mwanamke mfupi mwenye koti kubwa, akaweka mkoba wake kwenye mkanda wa ukaguzi mwenyewe, wa kwanza kati ya wote waliokuwa kwenye mstari kuelewa viatu vinavuliwa wapi.

Haikuwa rahisi huko. Mtihani wa kwanza wa hesabu alifeli, akatuambia hivyohivyo bila kupaka sukari, akarudia, akapita. Darasani ndiye mkubwa kwa umri kuliko wote. Mwalimu mmoja anamzidi kwa mwaka. Wenzake humletea vitu walivyokata vibaya, naye huwauliza, "Wewe unaonaje?" Hapa nyumbani msaidizi sasa ndiye fundi, na ana msaidizi wake. Baba aliunguza sufuria mbili, kisha akajua. Mchuzi wake una chumvi ya kuhesabu, haizidi wala haipungui, na shangazi anapokuja huomba aongezewe bakuli la pili.

Kila Jumapili mama hupiga simu. Tunasalimiana kwa zamu, shangazi huchukua zamu mbili, kisha baba hupokea simu na kutoka nayo nje, akafunga mlango nyuma yake. Mtu yule wa maneno ya mgawo tunamsikia huko uani akiongea bila kukoma, na kila baada ya muda anacheka peke yake.